Mwaka Redio Ilipotujazia Maktaba

Habari ya kifo cha Madam Kemunto ilinipata nikiwa nimesimama juu ya kiti, simu mkononi, nikipiga picha rafu ya vitabu vipya ili niiweke kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. Maktaba yetu ya Nyamira ina ukurasa siku hizi, na kundi la wasomaji kwenye simu, na mimi na mvi zangu ndiye ninayevisimamia vyote viwili, kwa sababu vijana niliopewa wanajua kubonyeza lakini kusalimia hawajui. Simu ikalia humo humo mkononi. Alikuwa binti yake. "Aunty Kerubo," akasema kwa sauti ndogo, "Mama ametuacha asubuhi hii." Nikashuka, nikakikalia kile kiti. Nikamuuliza kama amekula. Ndilo swali ambalo mama yake angeuliza.

Majuma machache kabla ya hapo tulikuwa tumeitwa semina mjini Kisii. Kijana mmoja nadhifu kutoka Nairobi alitufundisha siku nzima jinsi maktaba inavyoweza kuwavuta wasomaji kwa mitandao ya kijamii. Alisema mtu aitwe kwa jina lake. Alisema usimpe mtu tangazo tupu, mpe nafasi naye aseme lake. Alisema msomaji afuatwe pale alipo, asingojewe mlangoni. Nilikuwa naandika huku nacheka peke yangu, hata akasimama akaniuliza, "Mama, kuna mahali nimekosea?" Nikamwambia hapana, mwanangu, hujakosea hata kidogo, ila haya yote nilifundishwa zamani na mtu ambaye hakuwa na simu hata ya waya. Akatabasamu kwa adabu, kama vijana wanavyotabasamu wakiona mzee ameanza kurudi nyuma. Sikumlaumu. Lakini leo Madam hayupo, na kama sitasema mimi alivyofanya mwaka ule, wataamini kwamba watu walianza kuitana kwa majina siku simu zilipoletwa.

Ya nyumbani kwetu sitayasimulia, hayana ajabu. Ninaanzia siku nilipoingia kile chumba, katikati ya miaka ya tisini, nimemaliza kidato cha nne na nimeajiriwa kumsaidia Madam Kemunto kupanga vitabu. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la mabati, sakafu ya saruji iliyopasuka, na dirisha lililofungwa kwa waya. Kilinuka karatasi yenye unyevu na mafuta ya taa, maana kwenye pembe ya nyuma Madam alikuwa na stovu yake, na juu ya stovu sufuria ya chai haikukosekana. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa na nduma za kuchemsha. Mchana tulikula ugali wa wimbi na chinsaga alizoletewa kutoka kwake, mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa hadi uchungu ukalainika. Msomaji akitukuta tunakula, alikaribishwa. Nilimuuliza siku moja kama maktaba inaruhusu chakula. Akanitazama juu ya miwani. "Kerubo, mtu amepanda mlima kuja kusoma, unataka asome na njaa? Mpishe akae." Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sweta ya kijani isiyotoka mwilini na kicheko ambacho hakikufaa kabisa mahali palipoandikwa "Kimya".

Shida yetu ilikuwa moja: chumba kilikuwa kitupu. Wanafunzi walijaa mitihani ikikaribia, ikiisha mitihani wanaisha nao. Baada ya hapo tulibaki sisi wawili na mvua ya alasiri, ikipiga mabati mpaka tusisikilizane. Na wilaya yetu ilikuwa changa bado, kila idara inatafuta mahali pa kuweka meza. Mapema mwaka ule afisa mmoja alikuja, akazunguka rafu mikono ikiwa nyuma, akagusa kiti kimoja kwa kidole. "Madam, hiki chumba kinalala," akasema. "Mwisho wa mwaka nitarudi. Nikikuta watu, mtabaki. Nikikuta viti, tutachukua chumba." Vitabu vingetiwa kwenye makatoni, nasi tungetumwa nyumbani. Alipotoka, nilianza kulia, maana ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza na niliipenda. Madam akamimina chai. "Hajasema uongo," akasema. "Chumba kinalala kweli. Sasa tukiamshe."

Alianza kama yeyote angeanza. Tulibandika karatasi kwenye nguzo za soko, nzuri kabisa, nimeziandika kwa mkono wangu: Karibuni maktabani. Mbuzi wakazila. Kisha siku moja tulikuwa Kisii, kwenye duka la redio na betri la Bwana Kanti, Mhindi aliyezaliwa pale pale mjini na ambaye Ekegusii chake kilikuwa safi kuliko changu. Mkewe alitupa chai yenye tangawizi nyuma ya kaunta, na Madam akawa anamweleza Bwana Kanti jinsi watu wasivyokuja. Mbele ya duka walikuwa wamejipanga watu wakinunua kadi za salamu, zile za kuandika majina ya jamaa ili zisomwe redioni. Bwana Kanti akamwonyesha kwa kidevu. "Madam, hawa wanatembea kutoka mbali kwa sababu gani? Mtu anataka kusikia jina lake. Wewe umebandika jina la maktaba. Maktaba haina mama, haina shemeji. Nani atafurahi?" Madam aliweka kikombe chini bila kukimaliza. Tulitoka pale na mfuko uliojaa kadi.

Basi hapo ndipo kazi ilipoanza. Redio ya Ekegusii ilisikika alasiri, na kila boma lilikuwa linasikiliza. Kwanza zilisomwa taarifa za vifo, kisha zikafuata salamu. Madam alitangaza kwamba yeyote anayetaka salamu zake zipelekwe redioni bure aje maktabani, kwa sharti moja tu: asome kitu, akisimulie hapo mezani, na jambo moja alilolisoma liandikwe ndani ya salamu zake. Mwanzoni watu walikuja kwa ajili ya kadi, wakafungua kitabu chochote kwa haraka, wakasema sentensi moja na kuondoka. Nilikasirika. Nikamwambia Madam wanatuchezea. "Waache wacheze," akasema. "Mtu hachezi na kitu asichokigusa." Halafu zikaanza kusikika. Mama mmoja wa Nyakoe aliyesoma kwamba maji ya kunywa yachemke kwanza aliwasalimu dada zake wote. Na siku moja mtangazaji akasoma kwamba Mzee Nyangau wa Magwagwa, aliyesoma kwamba mzinga mzima huongozwa na mama mmoja, anamsalimu mke wake, na mtangazaji mwenyewe akashikwa na kicheko hewani. Kesho yake watu walikuja wakiuliza kitabu cha nyuki.

Huyo Mzee Nyangau nimweleze. Alikuwa mkulima wa chai, Msabato wa kweli kweli, mwenye kofia asiyoivua ila kanisani, na alikuwa amekichukua kile kitabu cha ufugaji wa nyuki akakaa nacho. Tulimtumia ujumbe kwa mdomo, harudishi. Wenye kukingoja wakawa wengi, kila mmoja anauliza, "Huyo Omogaka bado?", maana ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima. Madam aliwajibu kwa upole kwamba kitatoka. Ndipo likaja neno kutoka ofisini: yule afisa atapita siku ya soko inayofuata. Madam akapiga hesabu zake kichwani. Kama kitabu cha nyuki kingekuwa mezani siku hiyo, wote wanaokingoja wangekuja, na chumba kingekuwa na watu. Kadi ya salamu ilichukua majuma kusomwa. Matangazo yaliyopelekwa kwa mkono kwenye kituo cha redio Kisii yalisomwa kesho yake. Akaandika tangazo, akalipeleka mwenyewe, akarudi ametulia. Mgusii yeyote mwenye akili zake angemzuia, nami ni Mgusii, wala sikuliona. Tulikuwa tunaangalia siku ya soko tu.

Kesho yake alasiri tuliwasha redio pale maktabani na tukasikia vizuri kabisa: Mzee Nyangau wa Magwagwa anaombwa arudishe kitabu cha nyuki kabla ya siku ya soko, wasomaji wenzake wanakingoja. Madam akapiga makofi. Asubuhi iliyofuata mwalimu mmoja akaingia, akavua kofia, akatushika mikono wote wawili. "Poleni sana kwa Mzee wenu," akasema. "Nasikia alikuwa msomaji." Nilimwona Madam rangi ikimtoka. Tangazo lilikuwa limesomwa saa ya vifo. Kwetu saa ile mtu hangoji sentensi iishe. Likitajwa jina na mahali, mayowe yanaanza, na yakianza hakuna anayesikia tena. Kule Magwagwa wachuma chai walikuwa kwenye kituo cha kupimia majani, wakingoja lori na vikapu vyao, mvua iko juu ya mabati, redio imetundikwa kwenye msumari. Bosibori, binti yake Mzee, alisikia "Mzee Nyangau wa Magwagwa" akaangusha kikapu na kukimbia analia, na kituo kizima kikamfuata.

Tulifika Magwagwa kabla ya adhuhuri. Boma lilikuwa limejaa. Kuni zimerundikwa, mikungu ya ndizi imeegeshwa ukutani, wakwe wa Nyakoe wamefika na unga wao, sufuria kubwa ziko motoni kwa sababu watu wakishakuja lazima wale, awe amekufa mtu au hajafa. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, kofia kichwani, kitabu cha nyuki mapajani, amenuna. Kila kundi jipya lilipofika likilia, wanawake wa mbele walimwona, wakakatika sauti, na wa nyuma wakaendelea. Ningecheka, lakini nilimwona mkewe. Alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa kimemtoka kichwani, macho yamevimba. Madam alipomsogelea akasema polepole, bila hasira hata, "Nimelia machozi yangu yote. Hiyo siku yenyewe ikikuja, nitalia na nini?" Maneno yale yalinichoma, na mpaka leo nikiyakumbuka yananichoma. Kumlilia mtu aliye hai si mzaha kwetu. Ndugu mkubwa wa Mzee alikuwa amesimama na wazee wengine, na hakusema kwa siri. "Twende kwa chifu," alisema. "Hiyo nyumba ya vitabu ifungwe. Leo wamemwua Nyangau kwa redio, kesho ni wewe."

Nilimwambia Madam tuondoke. Nilikuwa naogopa, na niliamini kwamba maktaba imekwisha, hata afisa hana haja ya kuja tena. Yeye akaenda kusimama katikati ya boma, mbele ya watu wote, na sweta yake ya kijani. Akangoja wanyamaze. "Kosa ni langu," akasema. "Redio haikukosea, na huyu msichana wangu hakuandika kitu. Mimi nimezaliwa hapa kama nyinyi. Najua ile saa ni ya nani. Nikaweka jina la mtu aliye hai humo kwa sababu nilikuwa na haraka ya mambo yangu. Mama, nimekuliza bila sababu. Omogaka, nimekutia jina mahali pabaya. Naomba msamaha kwenu, na kwa watoto wenu, na kwa wote mlioacha chai ikinyauka kwenye vikapu." Hakuongeza neno la kujitetea. Sijapata kumwona mkubwa wa ofisi yoyote akiomba radhi namna ile, mbele ya watu, bila kusema "lakini".

Kisha Mzee Nyangau akafunga kitabu, akainuka. "Mimi jana nilichelewa kwenda kituoni, nilikuwa kwenye migomba," akasema. "Nikasikia mayowe. Nikafikiri jirani amekufa, nikakaa nisikilize ni nani. Nikasikia ni mimi." Kuna mtu akacheka, akanyamazishwa. "Nikaendelea kusikiliza, maana nani hupewa hiyo nafasi? Wakapita njiani wanalia. Mmoja akasema nilikuwa mkali kwa ng'ombe. Sawa. Mwingine akasema nilikuwa mtu mzuri, na huyo nimemjua sauti, ana jembe langu. Lakini mama mmoja akasema hivi: sasa nani atatumalizia kile kitabu?" Akakiinua juu watu wakione. Hapo ndipo tulipojua kwa nini kitabu hakirudi. Kila alasiri, wachuma chai wakingoja lori pale kituoni, Mzee alisimama juu ya kreti akawasomea ukurasa, akiwatafsiria kwa Ekegusii wale wasiojua Kiswahili. Lori likija anakunja kona ya karatasi. Walikuwa wamefika mahali pa kurina asali na walikataa katakata kitabu kiondoke kabla hakijaisha.

Nilimtazama Madam. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, macho yamejaa machozi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba si ya huzuni. Mwaka mzima tulikuwa tunahesabu viti vitupu Nyamira, kumbe wasomaji wetu wamesimama na vikapu Magwagwa. Akaniambia kwa kunong'ona, "Kerubo, tulikuwa tunaita watu waje nyumbani, na wao wana nyumba yao." Mzee alikuwa hajamaliza. Akamgeukia ndugu yake. "Kufunga, hapana. Mimi ndiye nimekufa, mimi ndiye nasema. Nyinyi nyote mlikuja kunisindikiza. Mmekula ugali wangu. Basi siku ya soko mtanisindikiza, nirudishe hiki kitabu mahali redio ilisema." Mkewe akainua kichwa kule mlangoni. "Na mimi naenda," akasema. "Nataka kuona hiyo nyumba iliniliza." Ndugu mkubwa akaguna, akaketi, akaomba sahani.

Siku ya soko walikuja. Nimeona mikutano mingi katika maisha yangu, ya siasa na ya injili, lakini sijaona kitu kama kile. Walipanda barabara ya Nyamira wakiimba, kwaya ya Sabato mbele, Mzee Nyangau katikati na kitabu kimeshikwa kwa mikono miwili, wanawake na vikapu vyao nyuma, na wenye maduka wakitoka nje kuuliza ni maiti ya nani. Walijaza chumba, wakajaza veranda, waliokosa nafasi wakasimama dirishani. Waliokuwa wanakingoja kitabu walishindwa kuingia. Afisa alipofika, ilibidi aombe njia. "Kuna nini hapa?" akauliza. Bosibori ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Akamjibu macho makavu kabisa, "Tumeleta marehemu kurudisha kitabu." Afisa alimtazama Bosibori, akamtazama Mzee, ambaye wakati huo alikuwa juu ya kiti akiwasomea watu ukurasa wa mwisho wa kurina asali, na hakukuwa na kiti kingine chochote cha kuguswa kwa kidole. Akakaa kwenye saruji kama wengine, suruali yake ya pasi na yote, akasikiliza mpaka mwisho. Neno la chumba hakulitaja tena siku ile, wala baadaye.

Toka hapo Madam hakuweka tena tangazo saa ya vifo, hilo liko wazi. Lakini kila juma mmoja wetu alipeleka sanduku la vitabu kwenye kituo cha chai, Magwagwa na kwingineko, na salamu ziliendelea kusomwa, jina la mtu na jambo alilolisoma. Na kule Magwagwa kukabaki desturi ambayo hamtaikuta mahali pengine Gusii nzima. Jina likitajwa redioni saa ile, watu hawapigi mayowe papo hapo. Wanashikana mikono, wanangoja sentensi ifike mwisho, na kuna mtu lazima aulize, "Amefariki, au ni kitabu?" Wanacheka kwa woga. Kisha wanasikiliza.

Basi baada ya simu ile ya binti yake nikainuka kutoka kwenye kile kiti changu. Chumba ni kile kile, sakafu imewekwa vigae, dirisha lina kioo, na kwenye pembe ya stovu sasa kuna kompyuta, lakini chai bado ipo na anayetukuta tunakula bado anakaribishwa. Nikachukua simu nikaandika kwenye ukurasa wetu, kwa jina lake na mahali pake kama alivyonifundisha: Kemunto wa Nyamira, mwalimu wetu wa maktaba, ametuacha leo. Nikaomba kila aliyewahi kusalimiwa naye aandike jambo moja alilolisoma. Yakaanza kuingia, kutoka Nyakoe, Keroka, Nairobi, na wengine wako ng'ambo. Maji ya kunywa yachemke kwanza. Mzinga mzima huongozwa na mama mmoja. Majina ya watu ambao nilidhani walitusahau. Kisha likaja la Bosibori, ambaye sasa ni nyanya mwenye wajukuu, ameliandika polepole kwa kidole kimoja, naona hivyo kwa jinsi herufi zilivyokuwa zimekosana. Aliuliza tu, "Kerubo dada, amefariki, au ni kitabu?"

Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo chake kikazimika. Sijawahi katika maisha yangu kutamani kitu kama nilivyotamani kumjibu kwamba ni kitabu.